Tochi ya Kijani Katika Ulezi wa Pito

Tulimzika Mama Leokadia kule Kabwe, kando ya ziwa, mahali ambapo hakuzaliwa wala hakuolewa, na watu wa Pito walikuja wote. Walikodi basi dogo. Walishuka wakijinyoosha migongo, wakalia pale panapostahili kulia, kisha wakakaa kwenye mkeka wakala wali na samaki wa ziwani, migebuka ya kukaanga, na wakaisifu sana ile migebuka. Mama mmoja niliyemfahamu vizuri, ingawa yeye hakunitambua kwa unene nilioupata, alimwambia mwenzake huku akitoa mwiba mdomoni, "Marehemu alikuwa mtu mwema jamani, ila alikuwa na bahati mbaya." Nikasukuma sahani yangu pembeni. Bahati mbaya ni gari kuharibika ukiwa unawahi hospitali. Kilichompata Mama Leokadia kilikuwa na majina ya watu, na baadhi yao walikuwa pale wakiomba kuongezewa mchuzi. Msibani mtu hagombi. Lakini njia nzima ya kupanda kurudi Sumbawanga nilikuwa nimeuma meno, mpaka dereva akaniuliza kama naumwa.

Mwaka ninaousema nilikuwa binti, matokeo ya kidato cha nne yametoka na jina langu liko chini kabisa, na nikapelekwa Pito nikamsaidie Mama Leokadia shamba. Kwa nini kwake na si kwingine, hiyo ni hadithi ya wazazi wangu, waisimulie wenyewe. Nyumba yake ilikuwa ya tofali za kuchoma, na baridi iliingia chini ya mlango kama mgeni asiyepiga hodi. Kwa hiyo maisha yetu yalikuwa jikoni, kibanda cha nje chenye mafiga matatu, ambako tulikula ugali wa ulezi na maharage, au dagaa wa Kabwe siku tulizojaliwa, huku moshi ukitutoa machozi kabla hatujapata sababu nyingine za kulia. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Binti yao mmoja, huyo Leokadia, alikuwa ameolewa Mpanda. Mama alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti kubwa ya kuitia watu ng'ambo ya mto, na usiku wa kwanza aliniambia jambo lililokuwa linamkosesha usingizi. Alilisema akikoroga mboga, bila kuniangalia.

Ukoo wa mumewe ulikuwa na utaratibu wake wa kuanua matanga. Mwaka ukiisha, mjane anapika pombe ya ulezi, wanaukoo wanakuja kunywa, na wakishakunywa mjane ametoka msibani: nyumba ni yake, shamba ni lake, anaishi kama mtu. Sharti lilikuwa moja. Ulezi wa pombe hiyo haununuliwi sokoni. Lazima utoke katika shamba ambalo marehemu alilifyeka kwa mikono yake, mjane aulime na kuuvuna mwenyewe. Ukitoka, maana yake marehemu ameridhika. Usipotoka, marehemu amekataa, na shamba linarudi kwa ndugu zake. "Na shemeji yangu Kasiano," alisema Mama, "ameshaanza kupita pale akihesabu hatua." Kasiano alikuwa mdogo wa marehemu, mtu wa maneno laini na koti la suti alilolivaa hata akienda kuchunga. Kila alipopita alituuliza, "Ulezi unaendeleaje, shemeji?" kwa upole wa daktari anayejua mgonjwa haponi.

Ulezi uliendelea vizuri hadi Aprili, ulipoanza kutoa vichwa. Ndipo ndege walipokuja. Watu wengine waliwaita kwelea kwelea, wengine wakabisha kwamba hao si kwelea kwelea, ni ndege wa porini tu. Mimi sikuwauliza jina. Walikuja alfajiri na jioni, wadogo, wa kahawia, kundi moja likishuka shamba zima linachezacheza kama maji yanayotaka kuchemka. Tulipiga madebe. Tulifunga utepe wa kaseti kutoka mti hadi mti ili upepo uuvumishe. Tulisimamisha mtu wa magunia tukamvisha shati la marehemu, na ndege wakatua mabegani mwake. Mama alipiga kelele kwa siku nyingi mfululizo, asubuhi na jioni, mpaka sauti ikamkatika. Haikukauka tu, ilikatika, na mwezi ule wote alizungumza kwa kunong'ona, yeye aliyekuwa anasikika ng'ambo ya mto. Jioni moja nilimkuta amepiga magoti kwenye mstari wa mwisho, ameshika kichwa cha ulezi kilichobaki makapi, anakisemesha. Nilisogea nikidhani anasali. Alikuwa anamwambia mumewe, "Kama umekataa, niambie. Nisichoke bure." Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, kwa sababu niliona ameanza kuamini.

Kesho yake alinituma mjini, Majengo, kununua chumvi na mafuta ya taa. Nje ya duka moja la redio na simu vijana walikuwa wamemzunguka mwenye duka, mtu wa Mbeya, mwimbaji wa kwaya, tuliyemwita Baba Upendo. Ameshika kitu kama kalamu nene. Alibonyeza, na nukta ya kijani ikatokea juu kabisa ya paa la jengo la ghorofa ng'ambo ya barabara, kali, inatetemeka. Vijana wakapiga mluzi. Mimi sikuitazama nukta. Nilitazama njiwa waliokuwa wamejipanga juu ya paa lile. Nukta iliposogea kuelekea miguuni kwao, waliruka wote kwa mpigo mmoja.

"Baba Upendo, shikamoo. Hicho nini?"

"Marahaba, binti. Hii leza. Wengine wanaita tochi ya kijani. Inatoka Dar, mzigo mpya."

"Inafanya kazi gani?"

Kijana mmoja akadakia, "Ya kufanyia utani tu sista, unammulika mshikaji kwenye ukuta."

"Rudia kuwamulika wale njiwa," nikasema. Walikuwa wanarejea. Baba Upendo akawamulika, wakaruka tena. Nilimwomba asiiuze mpaka nirudi, nikaondoka mbio, na chumvi niliisahau.

Mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaingia ndani akatoka na redio ya marehemu, ile ya betri nne yenye mkanda wa ngozi, aliyokuwa haruhusu mtu aiguse. Aliifuta vumbi kwa upindo wa kitenge. "Kama haifanyi kazi," alinong'ona, "nitakuwa nimempoteza mara mbili." Tulikwenda Majengo pamoja. Baba Upendo aliichukua redio, akaipindua, akamtazama mwanamke yule asiye na sauti, akatupa leza, na akatuongezea betri za akiba bila kuombwa. Alituonya kitu kimoja: "Msimmulike mtu machoni. Hata ng'ombe. Inaharibu jicho." Mama aliirudia amri hiyo njiani kama sala, na tangu siku hiyo hakuniruhusu hata kuielekeza chini bila sababu.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa na ukungu ule wa Ufipa ambao unaona mkono wako lakini huoni jembe ulilolishika. Tulisimama kwenye kichuguu pembeni mwa shamba. Tuliwasikia ndege kabla ya kuwaona. Nilibonyeza, na badala ya nukta, ukungu ukatuonyesha mstari mzima, mwembamba, wa kijani, umenyooka kutoka mkononi mwangu hadi ng'ambo ya shamba. Mama alinishika bega. Nikaupitisha ule mstari taratibu juu ya vichwa vya ulezi, na ndege wakainuka. Waliinuka upande mmoja, kisha mwingine, wakazunguka juu, wakajaribu kutua, nikawafuata na mstari, wakakata tamaa wakaenda kusikojulikana. Kimya kilichofuata sitakisahau. Mama alikaa chini kwenye umande, akafunika uso kwa mikono miwili, mabega yakawa yanatikisika. Kwa wiki kadhaa tuliishi hivyo, yeye alfajiri, mimi jioni, na ulezi ukaanza kugeuka rangi. Tulianza kupanga kimea kitaanikwa wapi, mitungi ya kuazima iko kwa nani, mabenchi yataombwa kigangoni. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Nilidhani tatizo lilikuwa ndege.

Tatizo lenyewe nililisikia mara ya kwanza mashineni, nikiwa nimepanga foleni na ndoo yangu ya mahindi, nyuma ya wanawake wawili walioniona lakini hawakujali, maana injini ilikuwa inaunguruma na walidhani inawaficha. "Umeuona?" mmoja alisema. "Mimi nilikuwa nawahi sokoni. Mstari wa kijani, kutoka shambani kwake, unapanda mpaka mawinguni." Mwenzake akasema, "Msiba haujaisha, yeye anacheza na mambo hayo." Injini ikazimwa ghafla, na sentensi ya mwisho ikabaki hewani peke yake: "Ile ni radi anaifundisha njia." Wote wakageuka kunitazama. Mwenye mashine akasaga mahindi yangu haraka kuliko kawaida, na hakutaka kugusa ndoo.

Sisi wa Sumbawanga tunajuana na utani huo. Ukisema mbele ya watu wa Dar kwamba umetoka kwetu, mmoja lazima ajifanye anakimbia, eti utamtumia radi. Tunacheka nao, wengine tunaongeza chumvi ili tuogopwe bure. Lakini ngurumo ikianza tukiwa nyumbani tunafunika vioo, hata walimu, hata makatekista, na hakuna anayecheka. Nilimweleza Mama niliyoyasikia. Alisema tuendelee, kwa sababu ulezi ulibakiza siku chache na ndege hawakuwa na mpango wa kusubiri maneno ya watu yaishe.

Mvua ya mwisho ya masika ilikuja mchana, na radi ikapiga mti mkubwa karibu na mto, ambapo ng'ombe wa Mzee Masanja walikuwa wamejikinga. Masanja alikuwa Msukuma, alihamia kutoka Shinyanga na familia na mifugo yake, na alikuwa ameomba kulisha upande ule. Wanne walikufa palepale, miguu imekakamaa. Tulikwenda kumpa pole. Watu walikuwa wengi, na tulipofika waligawanyika kutupisha, lakini haikuwa heshima. Mzee Masanja alikuwa amekaa juu ya jiwe, amevua kofia. Alipokea pole yetu kwa mikono miwili. Ni yeye peke yake aliyetupa mkono siku ile.

Kasiano alikuja kesho yake na wazee wawili wa ukoo, mkubwa wao Mzee Vitus, ambaye hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Walikaa sebuleni. Mama aliwapa uji wa ulezi, hawakuugusa. Kasiano alisema kwa upole wake, "Shemeji, hatukushtaki. Tunataka tu kukiona." Mama akanifanyia ishara. Nilifunga mlango na dirisha, nikaielekeza leza ukutani, nukta ikatokea karibu na picha ya Bikira Maria. Nikawaeleza. Betri hii hapa, inauzwa Majengo, njiwa wanaikimbia, ndege wanaikimbia, radi inatoka kwenye mawingu na haifundishwi. Nilijisikia msomi siku ile, mimi niliyefeli fizikia. Mzee Vitus alisikiliza akiwa ameinamia fimbo yake. Alikuwa karibu kuelewa, nililiona usoni. Kisha akauliza swali la mtu mwenye akili.

"Binti, ukuta huu umeizuia. Na ukiielekeza juu, ambako hakuna ukuta, inaishia wapi?"

Nilitafuta uongo mzuri sikuupata. "Haiishii popote, mzee. Inakwenda tu."

Mpaka leo najua nilisema kweli, na ningeulizwa tena ningesema hivyohivyo. Lakini niliona ile akili yake ikifunga mlango. Alisimama. "Kitu kisicho na mwisho," alisema, "hakiingizwi kwenye nyumba yenye msiba." Kasiano alikuwa ameshatangulia mlangoni.

Waliagiza kitupwe chooni mbele ya macho yao, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kukigusa, nilikitupa mimi. Sasa sijui kiligonga wapi, kitufe kikanasa. Shimo lilianza kuwaka kijani. Mwanga ulipanda kwenye tundu, ukapenya kwenye nyufa za fito, na wazee wale watatu walirudi kinyumenyume hadi barabarani, koti la suti likanaswa na ua na halikungojwa lifunguliwe taratibu. Walipotokomea, Mama Leokadia alianza kucheka. Alicheka bila sauti, ameshika nguzo ya jiko, machozi yanamtiririka, na mimi nikacheka naye, na hatukuweza kuacha mpaka tukaogopa. Mwanga ulififia jioni. Hata sisi wenyewe tulikwenda choo cha porini siku tatu nzima, kwa hofu ya kuambukizwa.

Tulivuna mapema, kichwa kimoja kimoja kwa kisu, vingine bado na ubichi. Ulitosha. Mama aliupima kwa macho na akasema, "Ameridhika. Unaona? Ameridhika." Akaloweka, akaotesha kimea kwenye majani, akakianika juani, akasaga kwa jiwe kwa sababu mashineni tulikuwa hatupokelewi tena. Nyumba nzima ilinukia pombe. Kasiano alipelekewa taarifa ya siku kama desturi inavyotaka, na alijibu, "Tumesikia." Mabenchi ya kigangoni tuliyabeba wenyewe, mawili mawili, asubuhi na mapema. Mama alioga, akavaa. Alifagia ua mara mbili, mara ya pili hapakuwa na kitu cha kufagia.

Hakuja mtu. Jua lilipanda, povu likapanda mitungini likashuka. Watu walipita barabarani wakielekea mashambani kwao siku ambayo hawakuwa na kazi shambani, wakitazama mbele kama askari wa gwaride. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Mama, mbona wamekaa wawili?" akafinywa. Kila hatua zilizosikika, Mama alijiweka sawa. Kila zilipopita, alirudi. Nilitamani apige kelele, atukane, avunje mtungi, lakini sauti haikuwepo na nadhani hata ingekuwepo asingeitumia.

Mchana umekwishageuka, alikuja Mzee Masanja na mkewe. Walipiga hodi vizuri, wakakaa kwenye benchi la mbele ambalo liliwekewa wazee wa ukoo. Mama alisimama mbele yao, akanong'ona, "Mzee, wanasema mimi ndiye niliyewaua ng'ombe wako."

"Mama," Masanja akasema, "ng'ombe wangu wameuawa na mvua. Kwetu Shinyanga nako radi inaua, na huko wewe hujawahi kufika. Hebu tupe tunywe."

Walikunywa. Mzee alikunywa kata nzima bila kuishusha, na mkewe akamaliza yake, akafuta mdomo kwa upande wa kanga, akasema ni nzuri. Ndipo Kasiano alipotokea, akasimama nje ya ua, koti limeshonwa kwapani. Hakuingia. "Shemeji," aliita, "ukoo umekaa. Pombe iliyolindwa na kitu kile hainyweki. Wageni wakinywa hiyo ni kiu yao tu, haihesabiki. Hujatoka. Msimu ujao shamba tutaliangalia sisi." Aliyasema hayo taratibu, kama anayesoma matangazo ya kanisani, akaaga, na Mzee Masanja akatema mate chini. Na walilichukua kweli shamba lile. Kabla ya mvua nyingine Mama alikuwa amekwishashuka ziwani Kabwe kupikia watu wa sokoni, na sauti yake haikurudi tena kama zamani.

Lakini jioni ile bado alikuwa na jambo moja. Kichwani alikuwa na kitambaa cheusi alichofungwa siku ya mazishi, na desturi ilisema kifunguliwe na dada wa marehemu, wifi yake, baada ya watu kunywa. Wifi alikuwa anaishi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tulikuwa tunauona moshi wa jiko lake. Mama aliutazama ule moshi kwa muda mrefu, mpaka Masanja na mkewe wakaaga, mpaka kuku wakaingia bandani. Kisha alikuja akakaa chini mbele yangu, akanipa kisogo.

"Nifungue, Felista."

Nilikuwa mtoto wa watu, si wa ukoo ule wala wa damu yake, na nililelewa kuamini kwamba mkono usiohusika ukigusa kitambaa kile unajifunga wenyewe. Fundo lilikuwa limenyeshewa na kukaukia kichwani mwaka mzima, likawa gumu kama mbegu ya parachichi, na kucha zangu zililiparua bure. Nikainama nikaling'ata. Lilikuwa na ladha ya moshi na chumvi. Nilivuta, nikang'ata tena, ufizi ukatoa damu, na mwishowe likalegea, kitambaa kikaangukia mapajani mwake. Nywele zake chini yake zilikuwa zimekuwa nyeupe. Alizigusa kidogo kwa vidole, kama mtu anayepapasa kichwa cha mgeni.

"Sasa nani atasema kwamba nimetoka?" aliuliza, kwa ile sauti yake iliyokatika.

"Mimi, Mama," nikamwambia. "Mimi nitasema."